Mgeni Anayelipa na Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeikariri methali hii tangu sekondari, na tukiulizwa maana yake katika mtihani huandika kwamba inakataza uvivu na kuhimiza kazi. Jibu hilo si baya. Hata hivyo, katika insha hii nataka kuiuliza methali hiyo swali ambalo sikuwahi kulikuta katika daftari langu la fasihi simulizi: je, mgeni anayelipa naye anadaiwa jembe? Mtu anayesafiri hadi msitu wa mbali, akalipa kiingilio, akalipa chumba cha kulala na akamlipa mwongozaji, je, amemaliza deni lake kwa watu wa mahali pale, au kimebaki kitu ambacho fedha haikifikii?

Swali hili halikunijia maktabani. Lilinijia nyumbani Bugarama, barazani kwa babu yangu, siku niliyorudi kutoka Nyungwe.

Kwa wasomaji wasioijua Bugarama, hiyo ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi kabisa mwa Rwanda, pale ambapo nchi yetu inapakana na Burundi na Kongo kwa pamoja. Ni bonde la joto, kama mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, sehemu ya chini kuliko zote nchini. Tunalima mpunga, tuna kiwanda cha saruji na chemchemi za maji ya moto, na sokoni kwetu Kiswahili kinasikika kila siku, kwa sababu mpaka uko karibu na wafanyabiashara ni wengi. Juu ya bonde hilo imesimama milima. Katika milima ya karibu kuna msitu mdogo wa Cyamudongo, wenye ukubwa wa kama hekta 300, ambao ni kisiwa kilichobaki peke yake baada ya miti iliyouzunguka kukatwa. Mbele zaidi uko msitu mkubwa wa Nyungwe, wenye zaidi ya kilometa za mraba 1,000. Yote miwili ni hifadhi moja ya taifa. Huo ni msitu wa mvua wa milimani: usiku kuna baridi ya kutetemesha, na asubuhi mawingu hukaa juu ya miti kama moshi wa jikoni. Mtoto wa Bugarama huyaona mawingu yale tangu utotoni, na maji yanayoingia katika mashamba ya mpunga hushuka kutoka milima ya upande ule. Hata hivyo wengi wetu hatujawahi kuingia.

Mimi niliingia likizo iliyopita. Jirani mmoja alinifahamisha kwa wageni wawili kutoka Mombasa, mume na mke, waliotaka mtu wa kufuatana nao na kuwatafsiria watakapozungumza na wanavijiji. Tulipanda basi hadi Kamembe, kisha tukashika barabara ya Huye inayopita katikati ya msitu, tukashukia Gisakura, penye mashamba ya chai yanayopakana na miti. Tulilala huko usiku tatu. Tuliwaona mbega wakiruka kwa makundi, tukawasikia sokwe ingawa hatukuwaona, tukavuka lile daraja la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2010, ambalo mtu akilisimamia katikati huona vilele vya miti chini ya miguu yake. Usiku mvua ilinyesha juu ya mabati hadi alfajiri. Sitaki kujifanya mtakatifu: nilifurahi sana. Nilikula vizuri, nikalala kitanda kizuri, na wala sikulipa mimi.

Niliporudi, babu mzaa mama aliniuliza maswali matatu. La kwanza: "Ulilala huko?" Nikamjibu ndiyo, usiku tatu. La pili: "Nani aliyekuruhusu?" Nikamweleza habari za tiketi na vyumba. La tatu: "Umetuletea nini?" Kwetu hilo ni swali la kawaida kwa mtu aliyetoka safari, lakini nilikuwa sina kitu ila picha katika simu. Nikamwonyesha. Alipofika kwenye picha ya mti mmoja mrefu wenye maua mekundu, alinishika mkono nisiipitishe, akasema, "Huu ni umushishi. Wangu ulikuwa na tundu huku chini."

Babu yangu alizaliwa katika vilima vilivyo chini ya Cyamudongo, na ujanani alikuwa mrina asali. Alitundika mizinga msituni kama baba yake alivyofanya, kabla ya kushuka Bugarama kulima mpunga, na hata baada ya kushuka alikuwa akipanda kuiangalia. Hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 2004, alishusha mizinga yake. Hajaingia tena. Leo wapo warina asali wenye vyama vyao vya ushirika, wanaoweka mizinga nje ya msitu, lakini yeye alikwisha kuzeeka. Kwa hiyo mjukuu wake, ambaye hawezi kutofautisha mti na mti, alilala usiku tatu ubavuni mwa msitu ambao yeye, aliyeujua mti mmoja mmoja, hakanyagi. Hapo ndipo swali lilipoanza.

Nianze na neno "mbali". Tunasema kwamba fulani amesafiri kwenda msitu wa mbali. Mbali na nani? Nyungwe iko mbali na Mombasa, na iko mbali na Berlin, lakini kwa babu yangu Cyamudongo ilikuwa nyuma ya nyumba. Neno hili si la uongo, ila linaficha kitu: linampima mgeni na kumsahau mwenyeji. Mfano mzuri tunao katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt, aliyekuja baadaye kuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, alifika katika msitu huu akifuata maji ya mto Rukarara, akatangaza kwamba pale ndipo chanzo cha Nile. Kwa wasomaji wake Ulaya ule ulikuwa ugunduzi. Kwa watu waliokuwa wakichota maji ya Rukarara kila asubuhi, hakuna kilichogunduliwa. Mtu akiamini kwamba amefika mahali pa mbali, ni rahisi kuamini pia kwamba amefika mahali pasipo na mwenyewe, na pasipo na mwenyewe hakuna wa kumpa jembe.

Sasa niangalie hoja za wale wanaosema kwamba mgeni anayelipa hadaiwi chochote. Ninaziona tatu, na zote zina uzito.

Hoja ya kwanza ni kwamba dunia ni ya watu wote. Hakuna aliyeupanda msitu wa Nyungwe. Babu yangu hakuupanda, wala serikali haikuupanda. Kwa nini basi yeyote adai kitu kwa anayekuja kuutazama? Mwanafalsafa Immanuel Kant aliligusa jambo hili mwaka 1795 katika andiko lake kuhusu amani ya kudumu. Yeye mwenyewe alikuwa mtu asiyesafiri, maisha yake yote hakutoka mbali na mji wake wa Königsberg, lakini alilifikiria suala la ugeni kwa makini. Alisema kwamba dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, na kwa hiyo kila mtu ana haki ya kufika katika nchi ya wengine bila kutendewa kama adui. Wengi huishia hapo wanapomtaja. Lakini Kant aliendelea: haki ya kufika si haki ya kukaa. Ili mgeni akae, panahitajika mapatano maalumu na wenyeji. Naye aliwalaumu waziwazi Wazungu wa zama zake ambao walikwenda nchi za watu kwa jina la kuzuru, kumbe walikwenda kuteka.

Kwa maoni yangu methali yetu inasema jambo lilelile kwa maneno machache zaidi. Siku mbili za kwanza ni haki ya kufika: mgeni anapokewa bila masharti, anakula, anapumzika. Siku ya tatu ni mwanzo wa kukaa, na kukaa kunataka mapatano. Jembe ndiyo alama ya mapatano hayo. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba msitu ni wa binadamu wote, na tangu Septemba 2023 Nyungwe imeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, bado haijafuata kwamba anayelala humo hana wa kupatana naye.

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo ina methali yake: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni halimi, lakini analipa, na malipo hayo yanalima kwa niaba yake. Hoja hii si ya kupuuzwa. Tangu mwaka 2005 serikali ya Rwanda imekuwa ikitenga sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa ajili ya watu wanaozizunguka. Ilianza kwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikapandishwa hadi asilimia 10. Fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na miradi ya maji. Vijana wameajiriwa kuwa waongozaji, wapishi na walinzi. Visiwani Zanzibar pia, katika msitu wa Jozani wenye kima punju, sehemu ya viingilio huwarudia wanavijiji ambao mazao yao huliwa na kima hao. Anayesema kwamba fedha hizi si kitu hajawahi kuishi kijijini pasipo na zahanati.

Hata hivyo nadhani hoja hii inachanganya vitu viwili: bei na deni. Bei ni ya kitu kilichouzwa. Mgeni anaponunua usiku mmoja wa kulala, na zipo nyumba za wageni kandokando ya Nyungwe ambazo usiku wao mmoja unazidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi, ananunua kitanda, chakula, moto wa jioni na kazi ya watu. Vyote hivyo vina bei, na akilipa amemaliza. Lakini kuna kitu kingine anachokifaidi ambacho hakimo katika risiti. Utulivu ule anaousifu upo kwa sababu kuna watu walioacha kuingia. Miti ile ipo kwa sababu kuna watu wanaopika kwa kuni za kununua. Babu yangu hakuuza mizinga yake kwa mtalii yeyote. Aliishusha kwa sababu aliambiwa aishushe. Kitu ambacho hakikuuzwa hakiwezi kuwa kimelipwa kwa kuwa tu mtu mwingine amelipa kitu kingine mahali palepale.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nirudi kwa babu mara nyingi kabla ya kuandika. Inasema hivi: wenyeji hawakuacha kitu chochote cha haki yao, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiuharibu msitu. Nyungwe ilitangazwa msitu wa akiba mwaka 1933, wakati wa Wabelgiji, lakini watu waliendelea kukata miti, kuchimba dhahabu, kuwinda na kufyeka mashamba. Nyati walitoweka katika miaka ya 1970. Tembo wa mwisho alikufa mwaka 1999. Bila sheria kali, Nyungwe yote ingekuwa leo kama Cyamudongo, vipande vipande, au isingekuwepo kabisa.

Nilimweleza babu hoja hii nikitarajia aipinge. Hakuipinga. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mwaka mmoja wa ukame, wenzake wawili waliokwenda kurina walifukiza nyuki kwa mwenge wa majani, wakauzima vibaya, na moto ukala upande mzima wa kilima. "Tuliutazama siku nne," alisema. "Hatukuwa na la kufanya." Nikamuuliza kama basi anaona ni haki kwamba walizuiwa. Akasema, "Ni haki. Lakini mjukuu wangu, aliyezuiwa kwa haki naye anasikia njaa."

Sentensi hiyo ya babu ndiyo kiini cha insha yangu. Mara nyingi tunafikiri kwamba tendo likiwa la haki, limefunga hesabu. Mimi naona kwamba hata tendo la haki linaweza kuacha deni. Nitoe mfano wa ziwa letu la Kivu. Kila mwaka uvuvi wa isambaza hufungwa kwa miezi miwili ili samaki wazaliane. Wavuvi huumia kwa miezi hiyo, lakini hakuna anayesema kwamba wanadai mtu, kwa sababu ziwa likifunguliwa ni wao wenyewe wanaovua samaki walioongezeka. Anayefunga ndiye anayefuturu. Msituni sivyo. Anayefunga ni mmoja, na anayefuturu ni mwingine. Babu amefunga kwa zaidi ya miaka 20, na waliofuturu ni wageni wa kutoka nje, na safari hii ni mimi. Kufungwa kwa msitu ni kwa haki, na faida yake inatufikia sote kwa maji na mvua. Lakini ile furaha ya kuwa ndani yake, ya kuusikia usiku, imehama kutoka kwa watu fulani kwenda kwa watu wengine. Anayepokea kitu kilichoachwa na mwenzake kwa ajili ya wema wa wote amepokea pia deni, hata kama yeye binafsi hakumnyang'anya mtu.

Kama deni lipo, jembe lenyewe ni lipi? Hapa kuna mtego. Wapo wageni wenye nia njema wanaotaka kushika jembe kwa maana halisi: wanakuja kwa wiki moja, wanapanda miche, wanapiga picha na kuondoka. Siwakejeli, maana mti uliopandwa ni mti. Lakini tuitazame methali vizuri. Haisemi kwamba mgeni siku ya tatu ajichukulie jembe. Inasema mpe. Jembe linatoka mkononi mwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeonyesha shamba. Mgeni anayejichagulia kazi, wakati wake na mahali pake, bado yuko siku ya kwanza.

Jambo hili nilielewa vizuri zaidi kwa sababu ya yule mama wa Mombasa niliyefuatana naye. Kwao asili ni Kwale, na usiku wa pili, tukiota moto, alituhadithia habari za Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu kabisa na fukwe za Diani. Misitu ya kaya za Wamijikenda ni mabaki ya misitu ya mwambao wa Kenya. Zamani watu waliishi ndani yake katika vijiji vilivyozungukwa na miti, na baada ya kuhama waliendelea kuitunza kama mahali pa ibada na makaburi ya wazee. UNESCO iliiandika misitu kadhaa ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kinondo inapokea wageni. Lakini mgeni akifika, awe tajiri au maskini, hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Huongozwa na mtu wa pale, hufuata miiko ya pale, na hatoki na kitu, hata jani. "Mwanangu," aliniambia yule mama, "mimi ni mwenyeji wa Kwale na bado nilifungwa kaniki. Sikuulizwa kama naipenda."

Ona tofauti. Kule Kinondo mgeni pia hulipa, na fedha zake husaidia watu. Lakini malipo hayamwondolei kaniki. Kuna sehemu ya ugeni wake ambayo haiuzwi, na sehemu hiyo imeshikwa na wazee wa mahali pale. Ile kaniki, kwa maoni yangu, ndiyo jembe. Si kazi nzito. Ni alama kwamba mgeni ameingia kwa masharti ya mwenye nyumba, na kwamba yuko mwenye nyumba.

Yupo atakayenijibu kwamba kaya ni msitu wa dini na ukoo, wakati Nyungwe ni hifadhi ya taifa, na sheria zake ndizo kaniki yake. Mgeni wa Nyungwe naye anazuiwa kuacha njia, kuwasha moto, kuwakaribia sokwe akiwa mgonjwa. Ni kweli, na mgeni mwema huzitii sheria hizo bila kumwomba mwongozaji amfumbie macho kwa bakshishi. Hiyo ni sehemu ya kwanza ya jembe. Lakini sheria za hifadhi zinamlinda mnyama na mti. Hazimkumbushi mgeni juu ya mtu aliyeacha kuingia. Mtu anaweza kukaa Gisakura wiki nzima, akatii kila sheria, akaondoka akiamini kwamba msitu ule haukuwahi kuwa na mtu.

Kwa hiyo sehemu ya pili ya jembe ni kujua. Mgeni anadaiwa kujua amekaa katika nafasi ya nani. Hili linaonekana dogo, lakini linabadilisha mwenendo. Anayejua kwamba ukimya anaousikia umegharimiwa na jirani hatanung'unika kwamba watoto wa kijiji wanapiga kelele karibu na chumba chake. Hatapunguza bei ya asali barabarani kwa kubishana mpaka muuzaji akate tamaa. Atauliza jina la mti kwa mtu aliyewahi kuutegemea.

Sehemu ya tatu inatuhusu sisi wenyeji, na hasa sisi wanafunzi. Methali inasema mpe jembe, na hakuna anayeweza kumpa mwenzake kitu asichonacho. Wazee kama babu yangu wanajua majina ya miti, maji, njia na nyuki. Wakifa bila kuulizwa, mgeni atakayekuja hatakuwa na wa kumpa chochote, atakuwa na vibao tu. Ningependa kuona siku ambayo wazee waliowahi kuutegemea msitu wanaalikwa kuingia tena kama walimu, wakifuatana na waongozaji vijana, wala si kama watalii katika nchi yao. Hilo si langu kuliamua. Lililo langu nimelianza.

Na hapa nitaje kitu kimoja kuhusu lugha hii ninayoandikia, maana nayo ilikuwa mgeni kwetu. Kiswahili kiliingia Rwanda na misafara na askari wa wakati wa Wajerumani. Kingeweza kubaki lugha ya wapita njia. Lakini Bugarama kilipewa jembe: kikauza mchele, kikasuluhisha ugomvi mpakani, kikaomba dua, kikalea watoto. Mwaka 2017 kilipofanywa lugha rasmi ya nchi, bondeni kwetu kilikuwa mwenyeji kitambo. Hakikuwa mwenyeji kwa kulipa, kilikuwa mwenyeji kwa kutumika. Basi na kitumike kwa jambo hili pia.

Tangu likizo ile nimekuwa na daftari. Kila nikirudi nyumbani ninakaa na babu barazani, ananitajia mti kwa Kinyarwanda, ananieleza ulivyo na ulikuwa wa kazi gani, nami natafuta maneno ya Kiswahili ya kuueleza. Mpaka sasa tumefika miti 31. Mingine hatukubaliani, na mara mbili amenicheka kwa sababu nilichora jani la mti mmoja nikaliweka chini ya jina la mwingine. Yule mama wa Mombasa alinipigia simu mwezi uliopita kuniuliza jina la ule wenye maua mekundu. Nilimtajia, nikamtajia pia ni nani aliyenifundisha.

Narudi kwenye swali langu. Je, mgeni anayelipa anadaiwa jembe? Jibu langu ni ndiyo, kwa sababu alicholipia si chote alichopokea. Fedha inalipa kitanda, na ni vyema ilipwe kikamilifu. Kinachobaki ni kuingia kwa masharti ya mwenyeji, kujua aliyeacha nafasi, na kupokea kazi atakayopewa badala ya ile aliyojichagulia. Nami, niliyekuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja, nadaiwa mara mbili.

Swali la pili la babu, "Nani aliyekuruhusu?", nililijibu vibaya siku ile nilipomtajia tiketi. Nilimjibu upya majuzi, tulipomaliza mti wa 31. Nilimwambia, "Ni ninyi, babu." Akasema nisiongeze maneno, niandike kwanza ule wa 32 kabla hajausahau.